Watoto Wasiohesabiwa wa Ulyandete

Sogeeni, sogeeni hapa. Wewe mwenye bisi, zitafune kwanza ziishe, maana meno yakifanya kazi masikio hupumzika. Na huyo anayecheka mlangoni ama aingie ama atoke. Haya. Nataka kimya kile cha mtu anayesikiliza kama ni mvua imeanza au ni upepo tu. Mkinyamaza hivyo nitawapa kazi, maana hadithi yangu haina mwisho. Mwisho mtautafuta ninyi. Mkigombana msiniite niamue. Mimi nimeshindwa miaka yote hii.

Palikuwa na watu watatu, na kila mmoja Mungu alimpa lake.

Wa kwanza ni Wande, mwenzangu wa hapa hapa Ulyandete, mlima karanga. Wande alipewa kutosahau. Wako watu husahau ili wapate usingizi, yeye hakuweza. Mtu akiondoka nyumbani kwake, nafasi yake ilibaki wazi kama pengo la jino, na ulimi hauachi kupapasa.

Wa pili ni Nakiete, binti wa milimani Upareni, mwanafunzi wa chuo kikuu. Yeye alipewa kuuliza. Angeliuliza jiwe, jiwe lingekohoa kidogo kisha likajibu.

Wa tatu ni Lusotola, afisa wa wizara, mtu mwembamba mwenye miwani iliyoungwa kwa waya. Yeye alipewa kufupisha. Ukimpa maneno ya gunia anakurudishia ya kiganja, wala huoni punje iliyopotea.

Sasa sikilizeni walivyokutana.

Wande alikuwa na binti, Kalunde, kiziwi tangu kuzaliwa. Humo ndani mama na mtoto walijitungia maneno yao ya mikono. Maji ni kidole kwenye mdomo wa chini. Mvua ni vidole kutembea begani. Mimi nilikuwa "yule anayekuna kichwa", na kweli nakuna. Kalunde alipofikisha miaka saba akapelekwa shule ya viziwi, safari ya siku mbili kwa basi, maana ya karibu haikuwepo. Walimu waliwaleta nyumbani mara moja kwa mwaka, Desemba, siku kumi basi.

Mwaka wa kwanza alirudi na mikono ile ile ya nyumbani. Mwaka wa pili akawa anachanganya. Mwaka wa tatu akasimama mlangoni, akamwambia mama yake jambo kwa mikono ya shule. Wande hakuelewa. Akarudia. Wande hakuelewa. Mara ya tatu mtoto akashusha mikono taratibu, akachukua ndoo, akaenda kisimani peke yake.

Wande akaja kwangu. "Dada, mwanangu ananitazama kama mtu aliyepotea njia akaingia nyumba isiyo yake. Miaka miwili mingine nitakuwa nimempoteza, naye mzima."

Akaenda kwa diwani kuomba darasa la viziwi hapa hapa kijijini. Diwani alikuwa mtu mpole. Akamwambia, "Mama Kalunde, kilio chako nimekisikia. Lakini halmashauri haina masikio, ina macho. Iletee karatasi."

Karatasi yenyewe ilikuwa njiani, ila ilikuja vibaya.

Nakiete alifika na madodoso yake begani, anatafiti watoto viziwi wa kata tatu: wako wapi, wanasoma wapi. Akapiga hodi kwa Wande.

"Mama, una watoto wangapi?"

"Alionijalia Mungu."

"Ndiyo, mama, lakini ni wangapi?"

"Hao hao."

Nakiete akacheka, akajaribu tena. Hakujua kwamba kwetu mama hahesabu watoto wake. Mbuzi tunahesabu, mizinga ya nyuki tunahesabu. Mtoto ukimhesabu umekionyesha kifo njia ya kuja kwako. Lakini mgeni naye hafukuzwi mikono mitupu, kwa hiyo Wande akasema kama tulivyosema sote: "Hesabu mwenyewe, binti yangu, unaowaona uani."

Akahesabu aliowaona. Na viziwi wetu wakati huo walikuwa wapi? Huko kwenye shule ya safari ya siku mbili. Akaenda nyumba kwa nyumba, ua kwa ua, anaandika anaowaona, anashukuru, anaondoka. Tukampa na karanga za njiani.

Baada ya miezi akarudi kutusomea matokeo, maana huo ndio uungwana wa watu wa chuo kikuu walio wazuri. Tukakusanyika shuleni. Akasoma: "Kata ya Ulyandete, watoto viziwi: sifuri."

Wande akainuka. "Sifuri ndiyo nini?"

"Maana yake, mama, hakuna hata mmoja."

"Kumbe mimi nilijifungua hakuna," Wande akasema. "Nilimnyonyesha hakuna miaka miwili."

Nakiete akafunga daftari lake. Mchana ule akamfuata Wande nyumbani, akakaa jikoni, hakuuliza kitu, na kwake hiyo ilikuwa kazi ngumu. Ugali ukaiva. Wande akagawa, kisha akakata bonge moja, akaliweka kwenye bakuli la bati, akalifunika.

"La nani hilo, mama?"

"La asiyekuwepo."

"Kila siku?"

"Kwani kila siku yupo?"

Nakiete akaliangalia bakuli lile mpaka chakula chake kikapoa. Kesho yake akaanza upya, nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho, kata zote tatu, kwa miguu. Safari hii hakuuliza wangapi. Aliuliza, "Mama, nani hayupo?"

Wanangu, wanawake walisema! Wengine walikuwa hawajaulizwa hivyo tangu wazaliwe. Walitaja majina, wakataja na kovu la goti, na namna mtoto anavyolala. Yeye aliandika majina tu. Hesabu akaenda kuifanyia hukohuko chuoni, mbali, kifo kisije kikasikia. Walikuwa kumi na tisa.

Lakini karatasi yake ya kwanza ilikwishapitishwa. Mwalimu aliyemsimamia akamwambia, "Binti, mahafali ni mwezi ujao. Hiyo sifuri nani ataijua?"

"Kumi na tisa wanaijua," akajibu.

Akaiondoa karatasi yake. Wenzake wakavaa majoho, yeye akabaki akiandika upya mwaka mzima. Kule Upareni mama yake alikuwa mgonjwa, kanga ya kwendea mahafali amekwisha kuinunua. Mwaka uliofuata Nakiete alivaa joho, na kanga ile ilikuwa imekwenda na mwenyewe kaburini.

Sasa Lusotola. Kitabu cha Nakiete kilifika wizarani, kurasa mia mbili na kitu, kikawekwa juu ya vitabu vingine, na juu yake vikawekwa vingine. Kingekuwa chakula cha mchwa. Lusotola alikichomoa, akakisoma siku tatu, kisha akaandika ukurasa mmoja. Mstari wa juu kabisa haukuwa namba. Uliandikwa: "Watoto hawa hawakuonekana kwa sababu tuliwahesabu nyumbani, nasi ndio tuliowaondoa nyumbani." Chini akaweka majina kumi na tisa, na chini ya majina, yale yanayotakiwa kufanywa.

Sasa yeye alikuwa na mke, mwalimu, kapangiwa kazi kusini kabisa, na miaka sita walikuwa wanaonana kwa likizo. Wiki ile ile barua yake ya uhamisho ikatoka: aripoti huko kwa mkewe kabla ya tarehe mosi, asiporipoti nafasi apewe mwingine. Na kamati ya waheshimiwa ikapangwa, ikaahirishwa. Ikapangwa tena, ikaahirishwa tena.

Mkubwa wake akamwambia, "Bwana Lusotola, nenda kwa mkeo. Ukurasa utajisomea."

"Mzee, sijawahi kuona ukurasa umenyoosha mkono kikaoni."

Akabaki. Tarehe mosi ikapita. Nafasi akapewa mwingine, naye akasubiri miaka minne zaidi.

Na Wande? Lusotola alimpigia simu kupitia kwa mtendaji wa kijiji: "Mama, neno lako liko kwenye karatasi yangu. Njoo ulisimamie." Wande akaenda makao makuu. Ilikuwa Desemba. Alijua ni Desemba. Alihesabu siku kwa vidole vyote. Kamati ikaahirishwa, akakaa kwenye benchi la ukumbini. Ikaahirishwa, akakaa. Zile siku kumi za Kalunde nyumbani zikaanza, yeye yuko kwenye benchi. Angeweza kupanda basi arudi. Akaniambia, "Dada, nilisimama mara mbili. Mara mbili nikakaa."

Siku ya tisa ya zile kumi wakamwita ndani. Mheshimiwa mmoja akataka kumchangamsha. "Haya mama, una watoto wangapi?"

"Hesabu mwenyewe, mheshimiwa, unaowaona hapa."

Yule akatazama huku na huku. "Mbona hapa sioni mtoto?"

"Ndivyo karatasi ya kwanza ilivyofanya," Wande akasema, akaketi.

Nakiete alikuwepo, akafafanua aliloulizwa. Lusotola alikuwepo, akanyoosha mkono kila walipotaka kuruka ukurasa. Jioni ukapita mwongozo: kila penye watoto kama hawa lifunguliwe darasa karibu na kwao, lenye mwalimu wa lugha ya alama.

Wande alipofika nyumbani, Kalunde alikuwa ameondoka jana yake. Kwenye ukuta wa udongo mtoto alikuwa ameacha alama za viganja vyake viwili, vimepanuliwa. Wande hakujua zina maana gani. Hakuupaka ukuta ule tena.

Mwaka na nusu baadaye darasa likajengwa hapa Ulyandete, na viziwi wetu wakarudishwa. Kalunde akashuka kwenye basi, mrefu kama mimi. Alisema kitu kwa mikono. Wande hakuelewa. Lakini safari hii mtoto hakushusha mikono. Aliishika ya mama yake, akaipanga kidole kwa kidole, mpaka mama akalitamka lile neno vizuri.

Basi, siku ya kufungua darasa. Kwetu asali ya mzinga wa kwanza wa msimu hujazwa kibuyu kimoja. Likijengwa jambo jipya, kibuyu hupewa aliyelileta. Yeye huchovya kidole, hupaka mwimo wa mlango, mlango ndio hufunguliwa, na asali iliyobaki ni yake aende nayo kwake. Hakigawanywi. Ni mkono mmoja, basi. Wote watatu walikuwepo, wamesimama kwenye jua kali. Mtendaji ameshika kibuyu. "Haya, nimpe nani?"

Mzee Kapele, aliyeirina asali yenyewe, akasema, "Mpe Wande. Bila pengo la Wande hakuna lililoulizwa."

Nshoma, na mnamjua ulimi wake, akadakia: "Wande alikwishalipwa! Si huyo mtoto kasimama hapo? Mtu mmoja mishahara miwili?"

"Basi mpe binti wa chuo."

"Huyo aliyetuandika sifuri? Tumpe asali kwa kuzima moto aliouwasha mwenyewe?"

"Aliuzima kwa maji ya kwao," Kapele akasema. "Au hukusikia habari ya mama yake?"

"Basi mpe bwana wa miwani," mwingine akasema.

"Huyo anakula mshahara, kuandika ndiyo kazi yake," Nshoma akajibu.

"Nshoma, wangapi wanakula mshahara na karatasi zinaliwa na mchwa?"

Mtendaji akaona awaulize wenyewe. Lusotola alikuwa mkweli, akasema, "Mimi ningeitaka. Nina mtu wa kumpelekea, naye amesubiri." Nakiete akasema, "Mimi sina tena wa kumpelekea," akatazama chini. Wande hakusikia alichoulizwa. Alikuwa anaangalia mikono ya Kalunde, anaogopa kupitwa na neno.

Tukagombana mpaka jua likainama. Watoto kumi na tisa walitutazama midomo ikienda, wakachoka, wakaingia darasani kwa dirishani. Mwisho mwalimu akaufungua mlango mwenyewe kwa ufunguo, bila asali, kwa sababu ubao haupiti dirishani.

Siku zimekwenda. Wande ametangulia mbele za haki. Shamba la karanga amerithi kaka yake Kalunde. Kalunde amerithi mizinga sita, na watu walisema mwanamke harithi mizinga, naye hakuwasikia. Nakiete alirithi kwa mama yake nyumba ya Upareni yenye kitanda kimoja. Chuoni sasa anafundisha, na wanafunzi wake wamerithi swali lake. Lusotola alifika kwa mkewe. Meza yake wizarani amerithi kijana mwingine, na nasikia naye anasoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Kibuyu hakijarithiwa na mtu. Kinaning'inia kwenye mwimo wa darasa lile, kizibo chake cha nta hakijaguswa, na asali, wanangu, haiozi.

Haya, ninyi mlionyamaza muda wote huu, kitunguliwe. Wewe unakiweka mkononi mwa nani?