Ukumbi wa Diwani Lugendo

Serikali ilitoa ruzuku ya kujenga ukumbi wa kijiji, Diwani Lugendo akajijengea jumba. Siku mkaguzi alipopiga simu kuwa yuko njiani, diwani alimkimbilia Sikujua, mpishi wa harusi.

"Bi Sikujua, niokoe. Ukumbi sina."

"Unao. Toa vitanda, panga viti vyangu vya harusi, mwambie ndio huu."

Mkaguzi alilizunguka jumba, akaridhika. Kwenye makabidhiano, Lugendo alitamka mbele ya kijiji kizima kwamba ukumbi ni wao, akampa Sikujua funguo kwa niaba ya kamati ya ukumbi, wakapigwa picha.

Mkaguzi alipoondoka, Lugendo alirudi na vitanda vyake. Mlangoni alikuta masufuria ya pilau.

"Samahani, mheshimiwa," alisema Sikujua. "Leo pana harusi. Ukitaka kulala humu, omba nafasi kwa kamati."