Bi Kindi na Jengo la Njia Tatu

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama wakiwa bado na miji yao na mabaraza yao na majirani wao wa kugombana nao, palikuwa na mahali palipoitwa Njia Tatu.

Palikuwa katikati ya mji. Njia moja ilitoka mtoni, ya pili ilitoka mashambani, na ya tatu ilishuka kutoka mlimani. Kila mwenye miguu alipita hapo. Ndiyo maana wadogo wote walifanya biashara zao hapo. Njiwa aliuza nafaka. Kobe aliziba masufuria yaliyotoboka. Kicheche aliuza manukato, na nani aliyanunua, mimi sijui, msiniulize.

Na Bi Kindi aliuza uji wa ulezi na karanga za kukaanga. Alipouza yeye ndipo alipouza mama yake, na ndipo alipouza bibi yake, ambaye alitandika jamvi pale wakati njia zile zilipokuwa bado vijia vya nyasi. Nasema pale pale. Si jirani na pale, si ng'ambo ya pale. Hata mafiga yalikuwa yale yale.

Basi asubuhi moja, uji haujachemka, ikasikika: gwa! gwa! gwa!

Alikuwa Kifaru, mkandarasi wa mji. Alikuwa akipigilia vigingi ardhini, na kimoja amekipigilia katikati ya kibanda cha Njiwa.

“Bwana Kifaru! Hata hodi?” akalia Njiwa.

“Hodi ya nini? Hiki ni kigingi tu,” akasema Kifaru. “Jengo linakuja nyuma yake.”

Nyuma yake kwanza alikuja Fisi, karani wa baraza, na baragumu mdomoni.

“Tangazo! Tangazo! Mzee Tembo, mwenyekiti wetu, amesema mji umekua. Mji uliokua haufai kuwa na vibanda vya makuti kifuani mwake. Hapa linajengwa jengo! Ghorofa juu ya ghorofa juu ya ghorofa! Na msiseme mmetupwa. Kila mmoja wenu amepangiwa chumba.”

“Wapi?” akauliza Bi Kindi.

“Juu kabisa, Bi Kindi! Chini watakaa wakubwa. Mzee Tembo na duka lake la miwa, Bwana Kifaru na ofisi yake, na wengine wa kimo chao. Nyinyi mtapata upepo mzuri. Hi! hi! hi!”

Akaenda zake, huku nyuma ikazuka kelele.

“Upepo!” akasema Kobe. “Upepo utaziba sufuria? Mimi nikianza kupanda ngazi zile leo, mwenye sufuria atapata wajukuu kabla sijamrudishia.”

“Mimi naruka,” akasema Njiwa, “lakini mteja wangu haruki. Nani atapanda ghorofa zote hizo kwa kibaba cha mtama?”

“Twende kwa Tembo! Twende tukatae!”

Bi Kindi alikuwa akikoroga uji, wala hakuinua macho. Alikuwa akitazama miguu. Miguu yenye tope la mtoni, miguu yenye vumbi la shamba. Mmoja ulikuwa ukipita kwa haraka zake, ukasikia harufu, ukasita, ukageuka. “Nipe kikombe, Bi Kindi.” Mteja yule hakutoka kwake kutafuta uji. Uji ndio uliomkuta njiani. Uondoe uji njiani, naye hatakumbuka kama ana njaa.

“Hapa sihami,” Bi Kindi akajiambia moyoni. Kisha akauliza kwa sauti, “Tukienda kukataa, Tembo atafanya nini?”

“Atakasirika,” akasema Njiwa.

“Akikasirika?”

“Atakaza neno lake.”

“Basi tusikatae. Twende tukashukuru. Tushukuru, jamani, tushukuru mpaka imkere.”

Wakatazamana. Akawavuta karibu, akawanong'oneza, nyweenywee, nyweenywee. Njiwa akafunika mdomo kwa bawa. Kobe akatikisa kichwa.

“Mimi siwezi, Bi Kindi. Sijui kusema uongo. Hata nikijaribu, uso wangu unanisaliti.”

“Basi wewe usiseme chochote, kaka yangu. Ukiulizwa neno, ingiza kichwa ndani.”

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule. Mkubwa alikalia kiti, mdogo alikalia mkeka. Mzee akipumzika chini ya mti, mtoto hakuruhusiwa kuupanda, maana nyayo za mdogo hazikai juu ya kichwa cha mkubwa. Kila mnyama aliijua desturi hiyo tangu kunyonya. Lakini wakubwa walipotazama ramani ya jengo lao, waliona milango ya chini iliyo mipana, wakaitamani, wakasahau kutazama nini kiko juu yao.

Bi Kindi akafunga karanga kwenye jani, akaenda kwa Tembo.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Umekuja kulalamika?”

“Kulalamika? Mimi? Nimekuja kushukuru! Tangu bibi yangu, ukoo wetu umekaa vumbini ukitazama magoti ya watu. Leo umetuinua. Pokea karanga hizi.”

Tembo akazivuta kwa mkonga, fyuu! zikaingia kinywani.

“Nina kaswali kadogo tu, Mzee, nisije nikakosa adabu. Nikishaosha vyungu kule juu, maji niyamwage tu, au nipige hodi kwanza ili nyinyi wa chini msogee?”

Tembo akaacha kutafuna. “Maji gani?”

“Ya vyungu tu, Mzee. Na Kicheche anauliza, chumba chake kiko juu ya miwa yako au juu ya kiti chako? Anataka kujua mkia wake auelekeze wapi.”

“Mkia!”

“Na watoto wa Panya, unawajua, hawatulii. Wakicheza juu ya—”

“Basi! Basi! Nenda, Bi Kindi. Nimesikia shukrani zako.”

Njiani Bi Kindi hakucheka. “Bado,” alijiambia. “Mbegu imeanguka, haijaota.”

Vibanda vikavunjwa. Uzio wa mabati ukasimamishwa, na wadogo wakawa wanauza nje yake, jua likiwachoma, vumbi la saruji likiingia ndani ya uji. Wateja wakapungua. Njiwa akasema, “Bi Kindi, tuhame tu.” Bi Kindi akafunika chungu chake kwa kawa, akasema, “Hama wewe.” Njiwa hakuhama. Kila asubuhi Bi Kindi aliwasha moto pale nje, na kila aliyekutana naye alimwambia, “Tunakwenda juu, ndugu yangu! Alhamdulillahi, tunakwenda juu!” Mpaka mji mzima ukachoka kumsikia.

Nguzo zikasimama. Nondo zikafungwa, zege likamwagwa, na ghorofa ya kwanza ilipokauka, Tembo akaita baraza la wakubwa chini yake, wakae kivulini waone kazi ilivyokwenda. Bi Kindi akaja mbio.

“Mzee, turuhusu sisi wadogo tupande hapo juu kidogo. Hatujazoea urefu. Tukajifunze kukaa.”

“Pandeni,” akasema Tembo, mawazo yake yakiwa kwenye miwa.

Wakapanda. Kwanza ikasikika ti-ti-ti-ti! Ni watoto wa Panya. Kisha tapu! tapu! Ni vyungu vinatuliwa. Vumbi la saruji likamwingia Kifaru sikioni. Halafu ukaanza wimbo:

*Juu, juu, tumeinuliwa,*
*Kichwa cha mkubwa tumekivuka!*
*Aliye chini atatazama nini?*
*Atatazama nyayo zetu!*

“Wanaimba nini hao?” akauliza Tembo.

Kabla hajajibiwa, harufu ikashuka taratibu kupitia mwanya wa ngazi, ikakaa katikati ya baraza kama mjumbe. Kicheche alikuwa amefika. Wakubwa wakaziba pua. Tembo ndiye aliyepata taabu zaidi, maana pua yake mnaijua.

Na hapo ndipo, chwaaa! Maji ya vyungu yakamwagikia Tembo katikati ya utosi, yakashuka usoni na makoko ya uji.

“Hodi huko chini!” ikaita sauti ya Bi Kindi.

“Nani yuko juu ya kichwa changu?” akanguruma Tembo.

“Ni sisi, Mzee! Wadogo zako!”

Tembo akasimama, kiti kikaanguka, puu! “Tangu lini nyayo za mtoto zikakaa juu ya kichwa cha mzee? Nani alipanga mpango huu? Fisi! Geuza! Wakubwa juu, wadogo chini!”

Fisi hakuandika. Alikuwa ameinamisha kichwa, ananusa. “Mzee, ngoja kidogo. Mimi nimekulia kwenye hila, na harufu yake naijua, hata mbele ya Kicheche. Tangu lini mnyonge akaimba siku ya kuhamishwa? Tumwulize mmoja asiyejua uongo. Wewe Kobe! Njoo hapa!”

Kobe hakuwa amepanda, mnajua sababu. Akaja polepole, akasimama mbele ya wakubwa wote.

“Sema kweli, Kobe,” akasema Fisi. “Moyo wako unataka juu, au unataka chini?”

Huko juu, Bi Kindi akachungulia ukingoni. Uji wa mama yake na wa bibi yake, wote sasa ulikuwa ndani ya mdomo wa Kobe.

Kobe akafungua mdomo. “Mimi...” Akamtazama Tembo. Akamtazama Fisi. Kisha, tup! Kichwa kikaingia ndani.

“Kobe! Jibu!” Fisi akagonga gamba, ko! ko! ko! “Hodi humo ndani!”

Humo ndani hapakuwa na mwenyeji.

Bi Kindi akateremka nguzo kama jiwe lililodondoka, akaanguka miguuni pa Tembo, machozi yakimtoka.

“Mwacheni maskini! Amesikia anashushwa, hata uso wa kuwaonyesha watu hana! Mzee, tupige, tufukuze, lakini usituache huku chini! Vumbi! Makelele! Kila mwenye miguu atapita mlangoni kwetu toka asubuhi hadi jioni! Tutapumzika lini, Mzee?”

“Ndipo mahali penu hapo,” akasema Tembo, akijipangusa makoko.

“Mzee, tuhurumie!”

“Sihurumii.”

“Basi kama ni lazima tuonewe, hukumu hii ipigiwe ngoma kwenye njia zote tatu! Mji mzima ujue! Wajukuu wajue kwamba wewe mwenyewe ndiwe uliyetubwaga chini!”

“Ipigwe!” akanguruma Tembo. “Wadogo chini, milele na milele! Fisi, chukua ngoma!”

“Lakini Mzee...”

“Chukua ngoma!”

Neno lililopigiwa ngoma katika mji ule halikurudi kinywani, hata kwa mwenyekiti. Bi Kindi alibaki pale chini akilia. Ngoma ikalia njia ya mtoni, akaendelea kulia. Ikalia njia ya mashambani, akalia bado. Ilipolia njia ya mlimani, akafuta macho, akamgonga Kobe kidogo mgongoni.

“Toka sasa, kaka yangu. Tumefika.”

Jengo likamalizika, watoto wangu, na lilikuwa zuri, siwezi kulisema vibaya. Siku ya kufunguliwa, wadogo waliingia milango ya chini, ile mipana, wakiwa wamekunja nyuso kama wafiwa. Bi Kindi alipima kwa macho, akavuta mafiga yake kidogo kushoto, tena kidogo, mpaka yakakaa pale pale. Wakubwa wakapanda ngazi kwa fahari, du! du! du! Kifaru akanasa kwenye kona ya kwanza, wakamsukuma.

Wenye miguu wakaja kutoka njia tatu. Wakasikia harufu, wakasita, wakageuka.

“Miwa!” Tembo akaita kutoka dirisha la juu. “Miwa mitamu! Pandeni!”

Watu wakainua vichwa, wakampungia mkono kwa heshima, wakarudi kwenye uji wao.

Siku zikapita hivyo. Mchana mmoja ngazi zikalia kwa taabu, na Tembo akatokea chini, jasho likimtiririka mpaka ncha ya mkonga. Akaketi mbele ya Bi Kindi. Kiti cha kumtosha hakikuwapo, akaketi kwenye mkeka.

“Shikamoo, Mzee. Biashara?”

“Marahaba. Leo nimeuza muwa mmoja.”

“Si haba. Nani kaununua?”

“Mimi.”

Bi Kindi akamkabidhi kikombe cha uji. “Lakini upepo upo, Mzee?”

“Upepo upo,” akasema Tembo. Akanywa. Akatazama miguu iliyokuwa ikipita na kusimama, ikipita na kusimama. Akatazama kwa muda mrefu, na masikio yake makubwa, yaliyokuwa yakipepea kwa joto, yakatulia.

“Bi Kindi.”

“Labeka, Mzee.”

“Siku ile, miguuni pangu. Ulilia kweli?”

“Nililia kweli, Mzee,” akasema Bi Kindi, akikoroga chungu. “Niliogopa usije ukanihurumia.”

Tumbo la Tembo likaanza kutikisika, na vyungu vya Bi Kindi vikatikisika nalo, mpaka wapita njia wakasimama kuona mzee anacheka nini. Akasogeza kikombe mbele.

“Niongezee.”

Hadithi yangu imeketi hapo mkekani, na funzo lake ni hili: mwenye kiburi hupigania kiti, mwenye akili hupigania mahali.