Nani Apande Gari na Arbai

Sogeeni, mkae. Hiki ni kisa cha mtu aliyeokolewa na watu watatu, nanyi ndio mtakaokata shauri, maana wenyewe walishindwa.

Alikuwapo mwanamke wa Kizigua aliyeitwa Arbai. Hakuzaliwa Uziguani. Mababu zake walichukuliwa utumwani mpaka bonde la mto Juba, kule Somalia, na huko ndiko alikokulia, kati ya watu waliomwita "nywele ngumu" kabla hawajamuuliza jina. Kisimani alichota wa mwisho. Vita vilipozuka akakimbilia kambini na mumewe na binti yao, na lile neno likamfuata mpaka kwenye foleni ya maji. Hatimaye akafika Handeni, nchi ya mababu. Akapewa shamba, akapewa uraia, na watu wakamsalimu kwa Kizigua.

Arbai alidhani sasa atapumzika, lakini mwili ulikataa. Bombani aliwapisha hata watoto. Watu wakicheka barabarani, moyo ulimwenda mbio na mikono ikafa ganzi. Usingizi ulimpaa. Tabibu wa zahanati alimwambia, "Mama, ubongo uliokesha miaka mingi ukingoja kutukanwa haujui kwamba umeshafika salama. Huna wazimu. Umechoka." Arbai alielewa. Kuelewa hakukumsaidia kitu.

Watu wake walikuwa watatu. Mumewe, Mkomwa, alikuwa na jicho: akimwona mtu mgongo tu, alijua ameamkaje. Binti yao, Madina, alikuwa na miguu, wala hapakuwa na mtu kijijini wa kumshinda mbio. Jirani yao, Bi Mwanjaa, mzaliwa wa palepale, alikuwa na kauli. Hata mtoto mwenye homa alitulia akisemeshwa naye.

Siku moja mchana Arbai alikwenda mashineni kusaga mahindi. Mashine ikazimika ghafla, na katika ukimya ule wanawake wakaangua kicheko. Walikuwa wakimcheka msagaji, aliyejaa unga mpaka kwenye kope. Arbai hakumwona msagaji. Alisikia lile neno, wazi kabisa, kwa sauti za watu wa kule. Akaacha ndoo yake, akashika njia ya porini, akaenda mpaka miguu ilipogoma, akalala juani. Hakutaka kufa hasa. Alitaka kusiwe na mtu.

Mkomwa alipita mashineni, akaiona ndoo. Wanawake wakamwambia, "Atakuwa kwa wenzake anazungumza. Atarudi."

"Mke wangu haachi unga," akasema. Akatazama vumbini, akaona nyayo za mtu asiyegeuka nyuma, zikielekea porini. Akamwita binti yake.

Madina akachukua chupa ya maji, akakimbia. Alipita mashamba ya mkonge, akashuka korongo kavu, miiba ikamchana miguu mpaka damu. Alipomkuta mama yake, midomo ilikuwa imepasuka. "Mame, ni mimi." Akamnywesha. Lakini Arbai alipofumbua macho, aliona wasichana wa kambini. Akajikunyata, akamsukuma. "Msinipige. Nitachota wa mwisho." Madina akarudi nyuma kidogo, akasimama amemkinga jua kwa kanga, huku analia.

Bi Mwanjaa, ambaye Mkomwa alikuwa amepita kumwita, akafika naye akihema. Hakumgusa. Aliketi chini, akazungumza Kizigua polepole, habari za mvua, habari za mahindi. Kisha akavua kitambaa chake cha kichwani, akasema, "Mwanangu, lete mkono." Akauweka kwenye mvi zake. "Zako na zangu ni moja." Arbai akazipapasa kwa muda mrefu, kisha akakubali kuinuka.

Bila Mkomwa, hakuna ambaye angejua kwamba amepotea. Bila Madina, maji yasingemfikia kwa wakati. Bila Bi Mwanjaa, asingekubali kurudi.

Lakini alirudi akiwa amepungua. Tabibu akasema apelekwe hospitali ya mjini, akae huko muda mrefu. "Siwaahidi kwamba atakuwa kama zamani. Aende na mtu mmoja, yule ambaye mgonjwa hamwogopi. Akiwaona wawili wananong'ona, atasikia matusi."

Jioni ile wakaketi uani.

"Niende mimi," Mkomwa alisema. "Namjua."

Arbai alimjibu kwa upole. "Baba Madina, siku waliponivua kitambaa kwenye foleni ya maji kule kambini, ulicheka nao."

"Nilicheka wasije wakakuua."

"Najua. Lakini nikisikia kicheko chao, na chako kimo."

"Basi niende mimi, Mame," alisema Madina.

"Wewe uliniambia nisije shuleni kwenu kule kambini, wenzako wasinione. Ulikuwa mtoto, sikulaumu. Lakini na wewe hulali, mwanangu. Nakusikia ukigeukageuka. Nani atamtuliza mwenzake?"



Bi Mwanjaa akasema, "Mimi sijakukosea."

"Hujanikosea, Bi. Lakini hujaitwa kwa lile neno hata siku moja. Kila nikikueleza, unaniambia nisahau."

Bi Mwanjaa akainamisha kichwa.

"Nawapenda nyote," Arbai alisema. "Ila imani iliyobaki ndani yangu haiwatoshi watu watatu. Inamtosha mmoja, na sijui kama itafika naye mwisho. Amueni ninyi. Mimi siwezi."

Wakazungumza mpaka maneno yakawaishia, wasipatane.

Sasa ni asubuhi, na gari la zahanati linanguruma nje. Arbai amekwishapanda, na pembeni yake kuna kiti kitupu. Watatu wale wamesimama chini, kila mmoja na kifurushi chake, hakuna anayemtazama mwenzake. Atakayepanda huenda asiweze kumponya. Watakaobaki huenda wakawa wageni kwake mpaka kufa.

Dereva ameuliza nani anapanda, na hakuna aliyejibu.

Haya, ninyi mliosikia yote: mngemwambia nani apande?