Jumba la Watani la Mperani

Nyamazeni, watu wa Mperani, na wewe unayechekacheka huko nyuma nyamaza pia, maana kila siku mnapita mbele ya lile jumba mkienda sokoni na wala hamjui mnapita mbele ya nini. Zama za mababu, kabla reli haijafika, pembe za ndovu zilipokuwa zikisafiri mabegani mwa watu, alitoka Unyamwezi Nkwabi mwana wa Lugendo, mjukuu wa Mlekwa aliyezima moto wa nyika kwa nyayo zake. Nkwabi, Bega la Wasafiri, aliyebeba mzigo wa watu wanne na bado akaongoza wimbo.

Siku zile mpagazi akifia njiani alitupwa kichakani na msafara ukaendelea. Nkwabi alikataa. Alijitwika maiti ya kila aliyeanguka, juu ya mzigo wake mwenyewe, akaileta hapa Mperani akaizika kama mtu anavyozikwa kwao. Kisha akaenda msituni, akang'oa mti ambao mashoka yalikuwa yameshindwa kuuangusha, akaupandisha peke yake uwe boriti ya jumba, na wapagazi wa kila kabila wakakusanyika chini yake.

Akatamka: "Humu hamna mgeni wala mwenyeji. Sote ni watani. Tutataniana tukiwa hai, tutazikana tukifa. Na atakayemwinulia mtani wake mkono kwa hasira, huyo si ndugu tena."

Mtani wake mkubwa alikuwa Kondo, Mzaramo mwembamba mwenye mdomo usiojua likizo. Nanyi mnaijua kazi ya mtani msibani: kuwachekesha wafiwa, hata kulala kaburini akidai zawadi, ili huzuni isiwameze walio hai.

Basi homa ikamchukua Kalunde, binti pekee wa Nkwabi. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa, Kondo akarukia ndani, akajinyoosha chali, akapaza sauti: "Ee Mnyamwezi! Hata kuchimba hujui? Miguu yangu yatokeza nje! Sitoki mpaka unipe jogoo!"

Alitimiza wajibu wake, masikini. Lakini uchungu wa mwana, wee acha tu. Nkwabi alimvuta kwa mkono mmoja akamtupa mbali, paja likavunjika, Kondo akazimia. Akabebwa kwa mganga wa mifupa, na Kalunde akazikwa pasipo mtu kucheka.

Baada ya maziko Nkwabi alikuja akasimama mlangoni pa jumba lake, kichwa ameinamisha. Jamani, alichokuwa akingoja ni tusi moja tu! Angetokea mmoja wa kumwambia, "Ingia, punda we, uji unapoa," yangekwisha pale pale. Lakini walimwogopa, na walimhurumia, na heshima ikawaponza. Wakasimama wote, wakampisha, wakasema kwa adabu: "Shikamoo, baba. Karibu kiti."

Nkwabi akawatazama mmoja mmoja. Akajua kwamba hana tena ndugu humo ndani. Akatamka: "Sheria niliiweka mimi, nami hainiachi." Akageuka, akashika njia ya nyika, na hakuna aliyethubutu kumshika nguo.

Kondo alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa: "Yuko wapi yule punda wangu? Kanivunja mwenyewe, aje anibebe mwenyewe!"

Wakamweleza. Akauliza, "Alipokuja mlangoni mlimwambia nini?"

"Tulimwamkia."

"Mlimwamkia? Nkwabi? Mkamwamkia kama mkwe?" Kondo akalia mpaka mganga akamkataza, kwa sababu ya paja.

Walimbeba juu ya machela wakazunguka naye nyika yote, naye akitukana kwa sauti kuu, matusi ya kila aina aliyoyajua na mengine akiyabuni, akimwita Nkwabi mvivu, mlafi, mwoga wa panya, ili mtani wake asikie ajue kwamba amesamehewa. Hapakuitika mtu. Sauti ikamkauka Kondo, wakarudi.

Ndiyo maana mpaka leo hapa kwetu, mwenzetu akikosea na akaja mlangoni kwa aibu, haamkiwi. Hutukanwa mpaka acheke, ndipo apewe uji. Tumejifunza, lakini tumejifunza tumechelewa. Makaburi ya wapagazi yako pale nyuma ya jumba, na kila moja alilichimba Nkwabi kwa mikono yake. Yeye mwenyewe hatujui alianguka wapi, wala kama alipatikana hata mpita njia wa kumfukia.