Alama za Nyamvula Kichwani mwa Jua

Msiyafute hayo madoa! Wewe mwenye kifutio, weka chini. Mwalimu wenu kawaambia mchore Jua alivyo, nanyi mnataka kumchora safi kama sahani ya mgeni? Madoa hayo yana mwenyewe, na mwenyewe ni wa kwetu. Sogeeni niwaambie.

Enzi hizo Jua hakuwa na doa hata moja, wala hakuwa na adabu. Nywele zake za moto zilikuwa timtim, hazijapata kuonja chanuo. Kila adhuhuri alishuka kupumzika juu ya kilima chetu, na alipotikisa kichwa, nywele ziliruka huku na huko zikachapa mashamba. Mtama uliungua ungali umesimama. Visima vikakauka. Mashujaa walipanda na kamba wamfunge, wakamkamata ncha za nywele, wakarudi mikono imebabuka. Mashujaa hao! Nani aliwaambia nywele hushikwa ncha?

Kijijini palikuwa na msusi, jina lake Nyamvula, mwenye ulimi mkali kuliko chanuo lake. Binti yake, Mbeyu, alikuwa na mimba iliyotimia, na kisima cha mwisho kilikuwa kimebaki tope. Wazee wakakata shauri kijiji kizima kihame. Mbeyu hakuweza kutembea hata kufika mlangoni.

"Nyamvula," mzee mmoja akamwambia, "mwanao hatabebeka. Atafia njiani."

"Basi hatuhami," akajibu. "Mnamwogopa bure. Yule ni mwanamke ambaye hajasukwa, basi."

Akajipaka mafuta ya mbarika na masizi ya chungu mpaka kwenye viwiko, akapanda kilima.

"Keti," akamwambia Jua.

"Nani, mimi?"

"Kwani kuna kichwa kingine hapa kilicho timtim? Keti hapa, katikati ya magoti yangu."

Hakuna aliyewahi kumwamuru Jua. Kwa mshangao, akaketi.

Nywele zilimbabua Nyamvula mashavu, lakini yeye hakuhangaika na ncha. Alipitisha mikono chini, akazishika shinani, kama msusi yeyote anavyofanya. Loo! Kumbe moto mkali ulikuwa kwenye nywele. Kichwani penyewe palikuwa na nafuu. Akapasua njia, akaona ngozi ya kichwa ikitokota kama uji, na chini kabisa, ndani sana, kaa moja kubwa lisilozimika, likipandisha joto lake polepole.

"Hapo usiguse," Jua akasema kwa upole. "Hapo ndipo nilipo mimi mwenyewe."

Nyamvula hakugusa. Msusi hujua mipaka yake.

Akaanza kusuka. Kila msuko aliufunga shinani, akaupinda kama upinde, akaubana tena pembeni kwa dole gumba lenye masizi. Pale alipobana sana joto lilishindwa kupanda, pakabaki doa jeusi, huku moja na kule la pili. Lakini Jua hakujua kutulia. Kiuno chake kilizunguka kwa haraka kuliko utosi wake, na misuko ikajisokota.

"Tulia wewe! Hata wake wa wafalme hunyamaza wakiwa magotini pangu!"

Kichwa kilipofika nusu, ukapanda ukelele kutoka bondeni. Alikuwa Mbeyu, uchungu umemshika. Moyo wa Nyamvula ukapasuka.

"Nenda kwa mwanao," Jua akasema, akitaka kuinuka. "Nami niende zangu."

Hapo ndipo penyewe, wanangu. Kwetu kichwa hakiachwi nusu. Hainuki msusi, hainuki anayesukwa, mpaka fundo la mwisho. Na Nyamvula alijua kwamba akimwachilia Jua na nusu ya nywele zile, mtoto atazaliwa kwenye majivu. Akambana kwa magoti, akasuka huku analia, na machozi yakikauka kabla ya kufika kidevuni.

Alipofunga fundo la mwisho, Jua akasimama, akatikisa kichwa. Nywele zikatii. Jioni ile upepo ukaja na mawingu, na mvua ikapiga mapaa hadi watu wakatoka nje wakicheza. Nyamvula aliteremka mbio, akamkuta Mbeyu amepakata mtoto wa kike. Alipomgusa shavu, akahisi vidole vyake ni laini tupu. Mistari yote ya vidole ilikuwa imebaki kule juu.

Hakusikitika hata chembe. "Wengine huacha alama zao udongoni," akasema, "mvua ikazifuta."

Ndiyo maana mpaka leo madoa ya Jua hutokea mawili mawili, na kati yake hupanda msuko wa moto. Kiuno kingali na haraka, hivyo misuko mingine hukatika, moto ukaruka mbali. Mtoto azaliwaye leo akifikia kuwa kigoli, Jua huwa amekwisha kujifumua na kujisuka upya, akianzia upande wa pili. Na sisi hatumkodolei macho, maana si adabu kumkodolea mtu anayesukwa. Mwezi anapomfunika uso mchana, ndipo wajuao kujikinga macho huziona nywele zenyewe.

Haya, rudisheni madoa yote. Yakolezeni. Mwalimu akiuliza nani amechafua picha, msiinamishe vichwa. Mwambieni ni mkono wa bibi yetu huo, na kazi yake hakuiacha nusu.