Kwa Nini Limbuko la Kwengoto Lina Kikapu na Chungu

Kwanza mniapie. Haya nitakayosema yasivuke kizingiti, yasifike kisimani, na hasa yasimfikie jirani yangu mmoja ambaye simtaji jina, ila ni yule mwenye uzio wa mabati na mbwa mwekundu. Mhusika mkuu ni bibi wa bibi yake, na kwao hawapendi jambo hili lisemwe. Mimi niliapishwa na shangazi yangu, Mungu amrehemu, kwamba nitazikwa nalo. Shangazi naye alikuwa ameapishwa na mkwewe. Mnaona basi siri hii ilivyotunzwa. Haya, mmeshaapa, sogeeni.

Zamani za kale, huko Kwengoto, moto ulikuwa na kazi chache. Ulipika uji wa mtama, ulichoma nyama, ulifukuza mbu. Basi. Tunda na mboga ya shamba havikusogezwa karibu nao, kwa sababu watu waliamini kwamba tunda likiungua mti wake husikia, na msimu unaofuata hauzai. Kwa hiyo tango lililiwa kama lilivyochumwa. Boga lilikatwa vipande likatafunwa hivyo hivyo mpaka taya zichoke. Majani ya kunde yaliliwa mabichi, watu wamekaa barazani wanacheua kama mbuzi, na hakuna aliyeona ajabu.

Kila mwaka, mazao yakianza kukomaa, palikuwa na siku ya limbuko. Watu wote walikusanyika uwanjani kwa Mzee Semkiwa, mkubwa wa kijiji, wakaonja kwa pamoja matunda ya kwanza: tango, tikiti na ndizi mbivu. Kama kijiji kilikuwa na mke mpya aliyetoka mbali, yeye ndiye aliyetangulia kula, peke yake, macho yote juu yake. Akimeza, shamba limempokea. Akishindwa, shamba limemkataa, na hakuna mume wala mkwe aliyeweza kumzuia asirudishwe kwao.

Mwanamke wa habari hii aliitwa Mkasi. Alitoka mbugani, kwa wafugaji, watu wa maziwa na mtama, ambao tango walilisikia tu likisimuliwa. Aliolewa na Shebuge, kijana mpole, mtoto wa kiume wa pekee wa Bi Semeni. Waliopata kuwaona wanasema walipendana mpaka wakawa wanachekesha. Shebuge akienda kuchota maji, Mkasi atakuwa na haja ya maji. Mkasi akienda kuokota kuni, Shebuge naye kuni zitakuwa zimemwishia ghafla.

Bi Semeni, mama mtu, alikuwa mjane mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Yeye ndiye aliyeshika kisu cha limbuko. Alikuwa amekiomba mwenyewe kwa mavyaa wake, mama wa mumewe, akiwa bado bibi harusi, na kijiji kizima kilimsifu kwa moyo huo. Alikata, akagawa, akahakikisha kila mtoto amepata, na kila akiambiwa naye ale alijibu kwamba atakula mwisho. Mwisho ukifika ngoma imeshapamba moto. Nani tena ana habari na mkata matango?

Limbuko la kwanza la Mkasi lilikwenda vibaya. Alipewa kipande cha tango, akakitafuna akitabasamu, maana kilikuwa kitamu. Kabla hajamaliza, ulimi ukaanza kumwasha kama umepakwa upupu. Mwasho ukaingia kooni, ukapanda mpaka ndani ya masikio mahali ambapo kidole hakifiki. Midomo ikavimba. Akatema, akakohoa, machozi yakamtoka. Wanawake wakaziba midomo kwa vitenge, na Mwanjaa, dada yake Shebuge, akasema kwa sauti ya watu kusikia kwamba wifi yake huyu labda alizoea kula kwato.

Kitu kimoja watu hawakukitilia maanani siku ile. Lilikuwa limebaki tikiti, na utaratibu ulimtaka Mkasi aendelee. Bi Semeni alimtazama mkaza mwana wake muda mrefu, kisha akalivuta kapu la matikiti nyuma ya miguu yake, akasema inatosha, binti wa watu amechoka na safari. Safari yenyewe ilikuwa na miezi mitatu tangu iishe. Mzee Semkiwa akakuna kidevu, akaamua kwamba Mkasi atapewa mwaka mmoja, na kwamba limbuko lijalo ndilo litakaloamua.

Mwaka ule ulikuwa mrefu kwa Mkasi. Alijaribu ndizi kwa siri, ikamwasha. Alijaribu tikiti, likamwasha zaidi, akashinda ndani amefunika uso. Watu walimpa ushauri mwingi, kwa kuwa ushauri hauna bei. Mmoja alimwambia afumbe macho akitafuna, mwingine akamwambia anaringa tu. Yeye mwenyewe alianza kuamini kwamba ardhi ya pale haimtaki, na Shebuge akawa kila jioni anamtazama kama mtu anayejifunza sura kwa moyo.

Kisha ukafika wakati wa kuchoma mabua. Mkasi alikuwa akilinda moto usivuke mpaka wa shamba, njaa inamuuma, akaona tikiti dogo lililosahauliwa kwenye mabua limeungua ganda, linatoa mvuke. Alitazama huku na huku. Akalipasua, akala kipande kimoja, akakaa kitako kuusubiri mwasho. Hakuna kitu. Akala kingine. Ulimi umetulia, koo limetulia, masikio kimya. Akalila lote, na mbegu zake, akalia peke yake shambani kwa furaha na kwa hofu, maana alikuwa ametoka kutenda kosa kubwa kuliko makosa yote ya Kwengoto.

Kulikuwa na kibanda cha kulindia ndege pembeni mwa shamba la Bi Semeni, ambacho msimu ukipita hakuna aliyekikumbuka. Mkasi akapeleka chungu. Akawa anapika humo: ndizi, boga, tango, hata majani ya kunde. Akala akanenepa kidogo, ngozi ikang'aa. Kila siku aliitazama migomba akingoja inyauke kwa sababu yake. Migomba haikunyauka. Mikungu ilitoka kama kawaida, na mmoja ulikuwa mzito hata ukahitaji kuegemezwa nguzo.

Lakini palikuwa na jambo lililomkosesha raha. Chungu alikiacha kimejaa, akirudi anakikuta nusu. Mwanzoni alisema ni ngedere. Baadaye akaona kwamba ngedere huyo hufunika chungu baada ya kula. Akavumilia. Siku moja akaonja boga lake akalikuta limetiwa chumvi, tena chumvi ya kutosha, iliyopimwa na mkono wa mtu anayejua. Mtu anajua. Mtu anajua na hasemi, na mtu wa namna hiyo, Mkasi aliona, anasubiri siku ya watu wengi.

Alimweleza mumewe. Shebuge akamsihi asimwambie mama yake kwa hali yoyote, kwa kuwa mama na kisu kile ni kitu kimoja, na akisikia ndizi imepikwa ndani ya shamba lake ataanguka afe. Mkasi akakubali. Tangu hapo akawa hawezi kumtazama mavyaa wake usoni, na ajabu ni kwamba mavyaa naye alikuwa hamtazami. Walipishana mlangoni kama watu wawili waliokopeshana aibu.

Siku ya limbuko ikafika. Uwanja ulijaa mpaka watoto wakapandishwa mabegani. Bi Semeni alikata matango, akakata matikiti, akamenya ndizi, akapanga yote kapuni kwa unadhifu wake wa miaka yote. Halafu akamkabidhi Mwanjaa kisu, akasema anakwenda shambani kuwapa wahenga habari za mavuno, wasimngoje. Kila mwaka alikwenda, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Wengine walisema mwaka huu ana sababu zaidi, hataki kumwona mkaza mwana wake akifungishwa mizigo.

Mwanjaa akachagua kipande cha tango, kikubwa, akamnyooshea Mkasi. Mkasi alikipokea. Alikishika muda mrefu hata maji ya tango yakamchuruzika mkononi. Alimtazama Shebuge aliyekuwa amesimama karibu na lango, mikono nyuma, kama mtu anayengoja msiba. Ndipo akakirudisha kipande kapuni.

"Mzee, mimi shamba lenu silikatai," akasema. "Nimelila mwaka mzima. Nimelila likiwa limepita motoni. Tunda likiwa bichi bado liko macho, linanijua, linanishika koo. Likipikwa linalala. Nalimeza nalo limelala, hatugombani."

Uwanja ukavuma kama mzinga uliopigwa jiwe. Mwanjaa akauliza kama wifi yake anataka kuwaua kwa njaa wote au ataanza na wakwe. Mzee Semkiwa akainua fimbo yake. Hakupandisha sauti. Alisema maneno hayo ni mazito, na mtu hahukumiwi kwa maneno tu, kwa hiyo chungu kilipo wakakione, na migomba iliyo karibu nacho wakaikague mmoja mmoja. Kama hata mgomba mmoja umedhurika, Mkasi hatalala Kwengoto.

Wakaenda, kijiji kizima kwa mstari mmoja, wazee mbele na vibibi nyuma, na hao wa nyuma siku hiyo walikuwa na mwendo wa mbele. Mkasi aliongoza njia. Shebuge alitoka langoni akaja kutembea ubavuni mwake, na Mwanjaa alipomwita arudi kwa wanaume wenzake alijifanya kiziwi. Njiani walipita migomba ya Bi Semeni. Watu waliitazama, wakaona mikungu, wakaona ule wa nguzo, wakaanza kunong'ona kwa sauti nyingine.

Mlango wa kibanda ulikuwa umerudishwa tu. Ndani palikuwa na harufu ya ndizi za moto. Mzee Semkiwa akausukuma mlango kwa ncha ya fimbo.

Bi Semeni alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, chungu kiko katikati. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya chungu mpaka kwenye kifundo. Wa kushoto ulishika chumvi. Mashavu yalikuwa yamejaa. Mwanamke aliyewakatia watu matango miaka arobaini, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akimeza hata kipande kimoja, alikuwa anakula ndizi za kupikwa kama mtu aliyefungua saumu ya miaka yote hiyo. Na midomo yake, Mkasi aliiona vizuri kuliko wote kwa kuwa alikuwa wa kwanza mlangoni, ilikuwa haijavimba hata kidogo.

Na tangu siku hiyo, limbuko la Kwengoto lina kikapu na lina chungu, na hakuna anayeulizwa kwa nini ameingiza mkono huku asiingize kule. Tangu siku hiyo ndizi inapikwa, boga linapikwa, kunde inapikwa, na mti haujasusa. Midomo inayowasha ipo mpaka leo, kwa sababu tunda bichi bado liko macho na kuna watu halipatani nao, awe mgeni awe mwenyeji. Wengine huwashwa kidogo, wakinywa maji mwasho unaisha, wengine koo hutaka kuziba, na hao si wa kutaniwa. Ndiyo maana mwanamke wa kule, kabla hajamkatia mgeni tango, humuuliza kwanza kama mdomo wake unakubali.

Hayo yote yalikuja baadaye. Pale mlangoni watu walikuwa wamebanana, walio nyuma wanauliza walio mbele kuna nini na walio mbele hawajui waanzie wapi. Mwanjaa alikuwa bado ameshika kisu. Mzee Semkiwa, ambaye mume wa Bi Semeni alikuwa mdogo wake, aliitegemea fimbo yake.

Bi Semeni hakuutoa mkono chunguni. Alimtazama Mkasi, na kwa mara ya kwanza tangu chumvi ile hakukwepesha macho. Kisha akamgeukia mkubwa wa kijiji.

"Shemeji," akasema, maneno yakipita kwa shida pembeni mwa ndizi, "kama ni kurudishwa kwao, anza na mimi. Ila ngoja kwanza nimeze."