Firigisi ya Mchuzi Chapwa

Hapo zamani, wala si zamani ya kusahaulika, palikuwa na mke mchanga, Somoe. Kwao mwanamke akiwa mwezini hatii chumvi chunguni, humwita mtoto amtilie. Akitia mwenyewe, walaji watakohoa mpaka wakonde. Ndivyo alivyofundwa unyagoni.

Siku hiyo wazee wa ukoo wa mumewe wakaja kumtazama, kama nyumba ataiweza. Kuku yuko jikoni, mchuzi unatokota, na watoto wote wako shambani wanaamia ndege! Amwite nani, jamani? Akachungulia nje, hakuna mtu. Akatia mkono kwenye kopo la chumvi, akautoa. Akapakua hivyo hivyo, uso chini.

Mgeni akaonja, akatema. "Loo! Mwali huyu hajafundwa! Kwao chumvi huwekwa benki?"

Wakacheka. Somoe nyuma ya mlango anatamani ardhi ipasuke, maana hapo katukanwa yeye na mama yake.

Chande, shemeji yake, akadakia, "Niliambiwa mimi nitie, nikasahau."

"Dume zima, mtia chumvi!" Wakamcheka yeye. Akainama.

Mzee Likwata, baba mkwe, akala mchuzi ule chapwa, akaramba vidole. "Niongezee, mwanangu." Wageni wakala, huku wakikonyezana.

Ndipo Ausi, mumewe, akainuka, akaingia jikoni wasikoingia wanaume, akarudi na kopo, akatia chumvi mbele yao. "Mke wangu yuko mwezini. Kosa lake nini?"

Kicheko kikafa. Somoe naye akatamani kufa.

Wageni walipoondoka, chunguni ilibaki firigisi, nyama ya mwenye heshima, isiyoliwa na mwanamke.

"Yangu," akasema Chande. "Nimebeba aibu isiyo yangu."

"Umeifunika tu," akasema Ausi. "Mimi nimeifukuza."

"Kwa kumvua mkeo nguo mbele ya watu!" akafoka Mzee Likwata. "Mimi nimemsitiri kimya."

"Baba, ulimsitiri, au ulikuwa na njaa?" akasema Chande.

Somoe akatoka na firigisi kwenye sahani. "Ausi, alfajiri nilitundika shanga nyekundu kitandani, ishara ya siku zangu. Uliziona."

Ausi akatazama miguu yake. "Niliziona. Nikaona haya kuingia jikoni kukutilia chumvi mchana, watu wakipita."

Wote watatu wakainamisha macho. Sahani i mkononi mwa Somoe, firigisi inapoa.

Haya, nyie mnaonisikiliza, na nyie wenye wake msijifiche: ampe nani? Au aile mwenyewe?